Bei ya Faraja

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilisoma hesabu ambayo watu wa Kisangani walikuwa wakiingoja tangu mabomu ya mwaka 2000. Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Zilipwe kwa mafungu matano ya dola milioni 65, fungu moja kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11.

Hesabu hiyo haikuwa ya Kisangani peke yake. Jimbo la Ituri limo, tena kwa uzito mkubwa. Lakini ofisi ya kugawa fedha hizo iliwekwa Kisangani, na hapo swali lililowasumbua wanafalsafa kwa karne nyingi likageuka kuwa foleni mlangoni: je, fedha inaweza kumrudishia mtu furaha yake?

Nimefundisha uchumi hapa Kisangani kwa miaka mingi, na wanafunzi huniuliza swali hilo kila mwaka, kwa kawaida wiki ya kulipa ada. Zamani niliwajibu kwa mchoro ubaoni: mstari unapanda kwa kasi upande wa maskini, kisha unalala polepole upande wa tajiri. Mchoro ule si wa uongo. Ila haukuchorwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kwa sababu bomu liliangukia jikoni kwake. Kwa mtu huyo tuyapange kwanza maneno, ndipo tuhesabu dola.

Maneno manne

Kifaransa cha maofisini kwetu kina neno bonheur, nalo hubebeshwa kila kitu. Kiswahili kimegawa mzigo huo. Kuna raha: tumbo limeshiba, bati halivuji, mtoto hana homa, usiku unalala mpaka kuche. Kuna furaha, ambayo ni mgeni wa ghafla: matokeo ya mtihani, mtoto aliyezaliwa salama, siku timu yetu ya Malekesa inapofunga bao dakika ya mwisho. Huja, hukaa kidogo, huaga. Kuna kuridhika, ambako ni hukumu anayoitoa mtu akiyatazama maisha yake yote na kusema: yamenitosha, au hayakunitosha.

Na kuna faraja. Hili ni neno la baada ya msiba, na sarufi yake ina siri. Mtu anaweza kujistarehesha. Anaweza kujifurahisha. Lakini akikuambia “najifariji tu”, unamwonea huruma, kwa sababu umesikia kwamba hana wa kumfariji. Kitenzi hiki kinadai mtu wa pili. Faraja huletwa, lazima kuwe na aliyetoka kwake akaja kwako.

Watafiti wa uchumi wa furaha hupima hasa mambo mawili. Humwuliza mtu jana alijisikiaje, na hapo hupata raha na furaha. Kisha humwonyesha ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, wakamwambia kidato cha juu ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyawazia, wakamwuliza amesimama kidato gani. Hapo hupata kuridhika. Faraja haimo katika maswali hayo mawili. Katika nchi tulivu kosa hilo ni dogo. Kwa Kisangani ni kosa kubwa.

Sabuni inasafisha kweli

Nisije nikaeleweka vibaya. Waswahili husema pesa ni sabuni ya roho, nami sijaona utafiti ulioikanusha methali hiyo kwa watu wa kipato chetu.

Mtazame kijana wa toleka. Jina lenyewe ni la Kilingala, “tupite”: baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, iliyoubeba mji huu miaka ya vita wakati mafuta yalipokauka na magari yakalala. Leo pikipiki zimemsukuma pembeni, lakini bado yupo. Vijana wawili wanaweza kukanyaga pedali saa zilezile, kwenye barabara zilezile, kutoka Mangobo hadi soko kuu, na maisha yao yakatofautiana kama usiku na mchana. Mmoja baiskeli ni yake. Mwingine ameikodi, na kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye nayo. Mvua ikinyesha mchana kutwa, wa kwanza amekosa kipato. Wa pili amekosa kipato na ameingia kwenye deni. Mpe huyu wa pili fedha ya kununua baiskeli yake mwenyewe, na utakuwa umemwondolea woga unaomjia kila jua linapozama. Woga ule ulikuwa na bei, na bei imelipwa.

Shida nyingi za mji huu ni za namna hiyo. Tumezungukwa na maji, mto Kongo upande mmoja na Tshopo yenye bwawa lake la umeme upande mwingine, na bado zipo nyumba zinazochota maji kwa madumu na kulala gizani. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa. Dawa ya malaria inalipiwa. Kuvuka mto kwenda Lubunga kunalipiwa. Anayewaambia watu hawa kwamba fedha si kitu hajawahi kukesha akisikiliza mvua ili ajue kama bati limeshika.

Kwa hiyo raha inanunulika, na kwa maskini hununulika kwa fedha kidogo kuliko tajiri anavyodhani.

Noti zilizokufa

Mgeni anayekuja Kisangani na vitabu vyake vya akiba hushangaa jinsi fedha inavyopita mikononi mwa watu bila kutulia. Kijana amerudi kutoka machimboni, amepata jiwe la almasi, ameliuza, na wiki haijaisha fedha imekwisha: nguo, bia, redio, mahari, mchango kwa huyu, deni la yule. Mgeni huandika kwamba watu hawa hawajui kuweka akiba. Angeuliza umri wa noti zetu asingeandika hivyo.

Mwaka 1967 zaire moja ilianza safari yake ikiwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yakabadilisha mwenyewe, na mengi yakabaki rafu tupu. Siku ya Krismasi 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla. Watu walipewa siku chache kuzibadilisha, kwa kiwango kilichowekewa kikomo, na huku bara ambako noti mpya zilichelewa kufika, akiba za chini ya godoro zikawa karatasi. Mwaka 1991 wanajeshi waliokosa mshahara walipora miji. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Juni 1998 ikaja faranga: moja kwa zaire mpya 100,000. Fanya hesabu mwenyewe. Faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za yule bibi aliyekuwa anaweka akiba kwa uaminifu.

Katika mji wenye historia hiyo, anayeikimbiza fedha kabla haijamfia mkononi si mjinga. Anaigeuza tofali, kiwanja, baiskeli, ada ya mdogo wake. Na zaidi ya yote anaigeuza kuwa watu. Mtafiti Janet MacGaffey, aliyefanya uchunguzi wake hapa na akachapisha kitabu chake mwaka 1987, aliwaona wafanyabiashara wa Kisangani, wanawake wakiwamo, wakijijengea mali nje ya mikono ya serikali, kwa kutegemea jamaa na wateja wanaoaminiana. Likelemba ni mtoto wa akili hiyohiyo. Wanawake kumi wa sokoni wanachangishana kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba fungu lote. Hakuna riba. Ukipiga hesabu kavu hakuna faida yoyote: umeingiza kiasi kilekile utakachotoa. Lakini siku yake ya kubeba, mama anatembea tofauti. Fedha ile imemfikia na nyuso tisa nyuma yake.

Hapo wanauchumi tunapaswa kusimama kidogo. Dola 100 za likelemba, dola 100 za mkopo, na dola 100 zilizookotwa njiani hununua kiasi kilekile cha mchele. Hazimfanyi mtu ajisikie vilevile. Tumezoea kuuliza fedha ni kiasi gani. Watu wa Kisangani huuliza pia imetoka wapi, na nani ameileta.

Walichokiona watafiti

Mwaka 1974 Richard Easterlin alionyesha kwamba ndani ya nchi moja tajiri huripoti furaha kuliko maskini, lakini nchi nzima ikitajirika kadiri miaka inavyokwenda, furaha ya wastani haipandi kwa kiasi kilekile. Maelezo yake: binadamu hujipima kwa jirani. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani hisia njema za kila siku zilipanda pamoja na kipato mpaka kwenye dola 75,000 hivi kwa mwaka, kisha zikatulia. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akapinga: hazitulii, zinaendelea kupanda. Kahneman na Killingsworth, badala ya kurushiana maneno, walikaa pamoja na mwenzao Barbara Mellers, wakazichambua takwimu upya na kuchapisha jibu mwaka 2023.

Jibu hilo ni la muhimu kwetu kuliko linavyoonekana. Kwa watu wengi furaha huendelea kupanda na kipato. Lakini lipo kundi dogo, wale wasio na furaha kuliko wote, ambao fedha huwapunguzia mateso mpaka karibu dola 100,000, kisha inaishiwa nguvu. Watafiti walieleza kwamba mateso yanayobaki hapo ni ya aina isiyosikia fedha: kufiwa, kuvunjika moyo, ugonjwa wa sonona. Yaani hata Marekani, yenye kipato chake chote, ukuta wanaougonga watu hao ni msiba.

Karibu na kwetu kuna somo jingine. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini fedha taslimu bila masharti, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakapima matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016. Waliopewa walikula vizuri zaidi, walimiliki vitu zaidi, na waliripoti furaha na kuridhika zaidi. Sabuni ilifanya kazi. Lakini uchambuzi mwingine wa jaribio hilohilo uligundua kwamba majirani ambao hawakupewa waliporomoka katika kuridhika na maisha kadiri wenzao wa kijijini walivyopata, ingawa athari hiyo ilififia baadaye. Hakuna aliyewanyang’anya kitu. Walichopoteza ni kidato chao kwenye ngazi, kwa sababu jirani alipandishwa nao wakiwa wanatazama, na hakuna aliyewaeleza kwa nini.

Baadaye, katika kaunti ya Siaya, zaidi ya kaya 10,000 katika eneo linalohusisha vijiji 653 zilipewa kila moja takriban dola 1,000. Huko fedha ilipoenea, ilizunguka: hata wasiopewa walipata wateja na vibarua, na matumizi yao yakapanda, huku bei za vitu zikisogea kidogo mno. Ukiyaweka masomo hayo mawili pamoja, unaona kwamba namna ya kugawa inaweza kuharibu au kuokoa kazi ya kiasi kilichogawiwa.

Siku sita na miaka ishirini

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yalipigana ndani ya Kisangani. Ilikuwa mara ya tatu: yalikwishapambana Agosti 1999, na tena Mei 2000. Sababu zilikuwa nyingi, za kisiasa na za kijeshi, lakini mji huu ulikuwa pia soko la almasi. Tangu Mobutu alegeze sheria za uchimbaji mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, katikati ya mji palijaa maduka ya wanunuzi yaliyochorwa mawe yanayong’aa ukutani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka 2001 jinsi Uganda, nchi isiyo na machimbo ya almasi yanayojulikana, ilivyokuwa ikiuza almasi nje.

Taarifa ya Umoja wa Mataifa ilihesabu mabomu zaidi ya 6,600 yaliyoanguka ndani ya siku hizo sita. Raia zaidi ya 760 waliuawa na takriban 1,700 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa au kubomolewa, shule 69 zilipigwa, kanisa kuu likatobolewa, na wakazi 65,000 walikimbia. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1304, lilisema Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa maisha na mali vilivyopotea Kisangani.

Kilichofuata kilikwenda mwendo wa konokono. Mwaka 2005 mahakama ya The Hague iliikuta Uganda na hatia. Mwaka 2006, katika kesi dhidi ya Rwanda, mahakama hiyohiyo ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza, kwa hiyo mabomu ya upande huo hayana hukumu mpaka leo. Kiasi cha kulipwa na Uganda kilitajwa mwaka 2022. Mtoto aliyezaliwa siku ya bomu la kwanza alikuwa na umri wa kupiga kura.

Majaji hawakuweza kuthibitisha msiba mmoja mmoja baada ya miaka mingi hivyo, wakaamua kutaja jumla kwa kila aina ya madhara. Kisheria ninawaelewa. Lakini jumla haina jina. Kutoka The Hague hadi nyumba moja ya komini ya Tshopo, ile milioni 225 ilipaswa kupita mahali ambapo ingegeuzwa tena kuwa ya mtu fulani, mwana wa fulani, aliyekufa saa fulani akiwa anafanya nini.

Mahali hapo ni mfuko maalumu ulioundwa na serikali mwaka 2019, unaojulikana kwa kifupi chake, FRIVAO. Uganda ililipa fungu la kwanza mwaka 2022. Tangu hapo, kelele kubwa ya Kisangani imekuwa kuhusu orodha: nani ameandikwa, nani ameachwa, nani ameingia akiwa hakuwahi kulisikia bomu. Na Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni, kule Kinshasa, ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, kifungo cha miaka mitatu na kazi ngumu kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 hivi, fedha zilizotoka kwenye akaunti ya mfuko huo kwa ajili ya kujenga gereza. Gereza lenyewe lilikuwa lijengwe Kisangani.

Daftari la matanga

Nadhani kosa halikuanzia kwenye wizi. Lilianzia pale fidia ilipochukuliwa kuwa jambo la benki, wakati waliofiwa walikuwa wanaingojea kama mtu anavyongojea wageni wa matanga.

Kwetu matanga yana utaratibu. Viti vinakodiwa, turubai linafungwa uani au barabarani, wanawake wanakaa upande mmoja na marehemu, wanaume wanakaa nje na karata zao na kahawa. Karibu na mlango kuna meza, na juu ya meza kuna daftari. Kila anayekuja na mchango jina lake linaandikwa na kiasi chake pembeni: faranga 5,000, gunia la makaa, katoni ya maji. Mwenye kidogo haoni aibu, maana aibu ni kukosekana daftarini. Na daftari hilo halitupwi. Msiba ukifika kwa waliochangia, hufunguliwa, na deni la huruma hulipwa.

Mchango wa matanga haukidhi hata gharama za jeneza, wakati mwingine. Kiuchumi ni fedha kidogo inayoletwa wakati mbaya. Lakini ndiyo fedha pekee ninayoijua inayofanya kazi ambayo dola 100,000 za Marekani zimeshindwa kuifanya, kwa sababu haiji peke yake. Imebebwa na mtu aliyeacha kazi yake, akaketi, akasema pole, akakaa kimya kwa muda unaostahili, ndipo akatia mkono mfukoni. Hata kwa mtoaji ina tija: utafiti wa Lara Aknin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013 na uliofanyika Kanada na pia Uganda, ulionyesha kwamba watu waliokumbushwa fedha waliyoitumia kwa ajili ya wengine walijisikia vizuri kuliko waliokumbushwa waliyoitumia kwa ajili yao wenyewe. Tajiri wa Kanada na maskini wa Uganda walifanana katika hilo.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili katika sheria ya dia, malipo ya damu. Dia haikuwa bei ya maiti. Ilikuwa njia ya ukoo wa muuaji kuja kukiri mbele ya ukoo wa aliyeuawa, na mali ilikuwa ushahidi wa kukiri huko. Sasa linganisha. Uganda imekuwa ikilipa, na ni haki kulitambua hilo, maana mataifa mengi hukaidi. Lakini siku moja tu baada ya hukumu wizara yake ya mambo ya nje ilisema uamuzi huo si wa haki. Fedha imekuja, kukiri hakukuja. Ikatoka akaunti hadi akaunti, na hakuna aliyeketi kwenye mkeka wa mtu.

Mwenzangu mmoja wa idara, mtu wa takwimu, aliniambia kwamba hayo ni maneno ya watu walioshiba. Mwambie mjane achague, alisema, kati ya bahasha bila hotuba na hotuba bila bahasha. Ana haki. Bahasha itangulie, mwenye njaa haambiwi asubiri mtu amalize kusoma salamu. Na zipo sherehe zinazomdhalilisha maskini: kamera, fulana zenye picha ya kiongozi, hundi ya boksi kubwa kama mlango. Hizo si matanga, ni kampeni. Ninachokisema ni kidogo kuliko hapo, na ni rahisi kuliko hapo.

Majina yasomwe komini kwa komini, mbele ya majirani, maana majirani ndio wanaojua nyumba ipi ililia mwaka 2000. Watawaumbua waathirika bandia kwa haraka kuliko mkaguzi yeyote kutoka Kinshasa. Avenyu moja ilipwe kwa pamoja, na sababu ya kila malipo ielezwe, ili yasitupate ya Rarieda. Wanaotaka kujenga wapewe kwa mkupuo. Barabara, hospitali na magereza yajengwe kwa fedha za kujengea barabara, hospitali na magereza. Ni wajibu wa serikali kwa raia wote, hata wasiowahi kupigwa bomu, na mjane hawezi kuambiwa kwamba lami ya mbele ya nyumba yake ndiyo mumewe. Na kila anayelipwa akabidhiwe karatasi yenye jina la aliyekufa, tarehe, na maneno kwamba aliuawa bila hatia. Karatasi hiyo haina gharama kubwa. Ndiyo itakayofungwa kwenye plastiki na kuwekwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo.

Wanafunzi wakiniuliza mwaka huu kama fedha hununua furaha, nitaanza tena na ule mchoro, kwa sababu wengi wao bado wako upande unaopanda kwa kasi na sitaki kuwadanganya. Kisha nitawaeleza juu ya siku zile sita za Juni. Watu walizikwa viwanjani mwao, mbio mbio, kati ya bomu na bomu, na mengi ya makaburi hayo yalihamishwa baadaye. Hapakuwa na turubai, wala viti vya kukodi. Hakuna aliyethubutu kuvuka mji kwenda kumwambia mwenzake pole, na hakuna meza iliyowekwa mlangoni. Matanga yale hayakukaliwa, na daftari lake ni tupu mpaka leo.

Serikali imefika sasa, imechelewa zaidi ya miaka ishirini, na fedha inazo mfukoni. Kwa desturi yetu anayechelewa matanga hakaripiwi. Anaonyeshwa pa kukaa. Lakini haruhusiwi kuanza na mfuko.